Halmashauri inataka kufunga maktaba: sheria inawalinda vipi wenye kipato kidogo?

SWALI: Naishi Wales na ni katibu wa chama cha Waswahili mjini kwetu. Halmashauri imetangaza mpango wa kufunga maktaba tatu kati ya tano ili kubana matumizi. Jirani ananiambia ipo sheria inayoilazimisha iwafikirie maskini kabla ya kuamua. Ndugu yangu wa Birmingham anasema kwao haipo. Nani mkweli, na sisi tuitumieje?

JIBU: Wote wakweli. Sheria ni ile ile, Sheria ya Usawa ya 2010, kifungu cha 1, lakini haikuanza kutumika kila mahali. Scotland ilianza tarehe 1 Aprili 2018, na Wales tarehe 31 Machi 2021. Kwa England, serikali ilitangaza Novemba 2010 kwamba haitakianzisha kifungu hicho. Chama cha Labour kiliahidi mwaka 2024 kukianzisha, ila mpaka agizo la kuanza litolewe ndugu yako hawezi kukiegemea. Yeye ashike kifungu cha 149, kinachoitaka halmashauri izingatie ipasavyo usawa kwa upande wa mbari, ulemavu, umri na sifa nyingine zinazolindwa. Umaskini peke yake haumo katika sifa hizo, kwa hiyo itambidi aoneshe kwamba wanaoumia ni wazee, walemavu au watu wa mbari fulani.

Kwenu Wales, halmashauri inapofanya uamuzi wa kimkakati lazima izingatie ipasavyo namna ya kupunguza tofauti za matokeo zinazotokana na hali duni ya kijamii na kiuchumi. Matokeo hapa ni mambo kama elimu, afya, ajira na hata urefu wa maisha. Msiahidi wanachama kuliko sheria inavyoahidi: kuzingatia ipasavyo si kulazimika kukubali. Halmashauri inaweza kupima yote kwa dhati na bado ikafunga maktaba. Mnachopigania ni upimaji wa kweli, tena uwe umefanyika kabla ya madiwani kupiga kura.

Hapo ndipo halmashauri nyingi huteleza. Tathmini huandikwa uamuzi ukiwa umeshaiva, ikawa kazi yake ni kuuhalalisha. Kwa hiyo kitu cha kwanza kuulizia ni tarehe: tathmini iliandikwa lini, na madiwani waliisoma lini? Andikeni ombi chini ya Sheria ya Uhuru wa Habari ya 2000, mkitaka rasimu zote na tarehe zake. Jibu linatakiwa ndani ya siku 20 za kazi, basi ombeni leo, msingoje kikao kikaribie.

Kosa la pili limo kwenye takwimu. Wales hupimwa kwa faharasa rasmi ya umaskini inayoigawa nchi katika vieneo zaidi ya 1,900, kila kimoja kikiwa na wastani wa watu kama 1,600. Halmashauri huangalia kieneo, ikaona hakiko miongoni mwa maskini zaidi, ikamaliza. Lakini maskini wengi wanaishi katikati ya wenye nacho, hasa vijijini, na wastani huwameza. Nyinyi leteni kile ambacho faharasa haioni: ni kaya ngapi za wanachama hazina gari, nauli ya basi kwenda na kurudi maktaba itakayobaki ni kiasi gani, watoto wangapi hufanyia kazi za shule pale kwa sababu nyumbani hakuna kompyuta. Orodha ya kaya 30 yenye majibu hayo, bila majina, ina uzito kuliko sahihi 500 zisizo na maelezo. Mkiambiwa huduma zitahamia mtandaoni, ulizeni asiye na intaneti atazifikiaje.

Huenda mkajibiwa kwamba kufunga jengo moja ni jambo la kawaida la uendeshaji. Msibishane juu ya jengo. Elekezeni hoja kwenye mpango mzima wa maktaba na bajeti iliyouzaa, kwani hayo ndiyo maamuzi ya kimkakati.

Kuna jambo linalowagusa baadhi ya wanachama wenu, nami naliona kuwa pengo kubwa. Kifungu cha 1(6) kinaondoa tofauti anazozipata mtu kwa sababu yuko chini ya udhibiti wa uhamiaji, mfano yule ambaye viza yake inamzuia kupata fedha za umma. Ugumu wake unaotokana na viza hiyo hauhesabiki hapa. Hoja yake ijengeni kwa kifungu cha 149, chini ya mbari, ambayo kisheria inajumuisha uraia na asili ya taifa.

Uamuzi ukipita bila upimaji wa kweli, kifungu cha 3 hakiruhusu mtu kudai fidia. Njia iliyobaki ni mapitio ya kimahakama, yaani jaji kuchunguza kama uamuzi ulifuata sheria, na mahakama ikikubaliana nanyi inaweza kuubatilisha uamuzi ili ufanywe upya. Ombi lifunguliwe upesi, kwa vyovyote kabla ya miezi mitatu tangu sababu ya malalamiko ilipotokea, na kabla yake itangulie barua rasmi ya madai ambayo kwa kawaida hupewa siku 14 za kujibiwa. Mtafuteni wakili wa sheria za umma wiki ile ile ya kura, maana malalamiko ya ndani ya halmashauri hayasimamishi muda huo.