Mfumo wa Faili Uamuliwe Kabla ya Kuunda Kerneli

Nilipojijengea Linux kwa mara ya kwanza kutoka kwenye msimbo chanzo, nilitumia siku nyingi kuchagua programu, lakini suala la mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga na kuhifadhi faili kwenye diski, nililiamua kwa dakika chache tu. Nilichukua XFS kwa sababu inamudu vizuri faili kubwa, kisha wakati wa kuunda kerneli (kiini cha mfumo endeshi) nikaiacha kama moduli, yaani kipande kinachopakiwa baadaye kutoka kwenye diski, bila kuandaa initramfs (mfumo mdogo wa muda wa kuanzia) ya kuipakia. Kompyuta ilipowashwa, kerneli ilikwama: moduli iliyohitajika ilikuwa ndani ya diski ile ile isiyoweza kusomwa bila moduli hiyo. Kwa hiyo, asiyetumia initramfs ahakikishe kwamba mfumo wa faili wa mzizi (sehemu ya diski yenye mfumo endeshi wenyewe), pamoja na kiendeshi cha diski, vimejengwa ndani ya kerneli yenyewe.

Miezi kadhaa baadaye nilitaka kumega nafasi kwa ajili ya usakinishaji wa pili, nikakuta kwamba XFS hupanuliwa kwa urahisi lakini haipunguziki kwa kiasi cha maana. Nililazimika kuhamisha data yote na kuanza upya. Ext4, iliyotangazwa kuwa thabiti katika Linux 2.6.28 mwaka 2008, hukubali kupunguzwa ikiwa imeshushwa (yaani haijaunganishwa na mfumo unaotumika), na ndiyo ninayompendekezea yeyote ambaye bado hajui mgawanyo wa diski yake utabadilikaje. Izingatiwe tu kwamba idadi ya inodi zake (rekodi ambazo kila faili huhitaji moja) hupangwa wakati wa kuumbiza, kwa kawaida moja kwa kila baiti 16,384; penye mamilioni ya faili ndogo, inodi zinaweza kuisha huku nafasi ikiwa bado ipo.

Anayebadilisha mfumo wake mara kwa mara, kama nifanyavyo mimi, atafaidika zaidi na Btrfs, kwa sababu huweza kuhifadhi hali ya mfumo mzima kabla ya sasisho na kuirejesha likiharibika. Btrfs pia huhakiki data kila inaposomwa, ingawa ikiwa kuna nakala moja tu, itagundua uharibifu bila kuweza kuurekebisha. RAID 5 na 6 zake (njia za kusambaza data kwenye diski kadhaa) naziepuka kabisa, na hali zilizohifadhiwa kwenye diski hiyo hiyo sizihesabu kuwa nakala akiba, kwani diski ikifa hufa nazo. Kwa sasa mzizi wangu uko kwenye Btrfs, na nakala akiba ziko kwenye diski nyingine yenye ext4, ambayo naiunganisha wakati wa kunakili tu.