Jahazi la mtu

Swali lenu la wiki hii, kwamba anaechora picha zikimjaa nyumbani aziuze ama azigawe, limenikuta nina picha 14 zimeegemea ukuta na mke wangu kashasema mara mbili kuwa pale anataka kuweka cherehani yake. Kwa hivo nawajibu nyinyi na najijibu mwenyewe.

Nachora hapa Amu, yaani Lamu, miaka 18 sasa. Nachora juu ya matanga makuukuu, yaani tanga la jahazi likishachoka na kutoboka nalinunua kwa nahodha, nalifua, nalianika, nakata vipande. Viraka na mishono siigusi manake hio ndo nusu ya picha yenyewe. Zamani nlikuwa nikitumia hadibodi na rangi ile ya kupaka milango, ilikuwa rahisi, lakini kwa chumvi yetu hii masika mawili tu yakipita hadibodi inavimba pembeni kama mkate uloingia maji.

Picha ya urefu wa mkono, ukihesabu tanga, akriliki ya kuagiza Mombasa, na fundi wa fremu kule Langoni, inanitoka kama shilingi 2,800 kabla sijahesabu siku nne nlizokaa chini. Sasa mtu anakuja anasema nichoree tu moja bwana, si kazi ya mkono wako, mpaka sijui nicheke ama nilie. Mbona fundi wa milango hakuna anaemwambia achonge bure ati kwa sababu mkono ni wake?

Lakini kugawa nishagawa, msidhani ni choyo. Mwaka wa korona, 2020, ndege za nje zilisimamishwa mwisho wa Machi mpaka 1 Agosti, na hata zilipofunguliwa wageni walikuja kwa kudondoka dondoka, nikabaki na picha 22 na hakuna hata wa kuuliza bei. Mamangu akanambia mwanangu toa, kutoa ni moyo usambe ni utajiri. Nikatoa. Jamaa, majirani, ofisi moja hapa mjini, na watu wa maskani yetu.

Baada ya mwaka nikawa nikipita nyumba za watu jicho linatafuta ukutani. Moja niliikuta darini imefunika tangi la maji, tena upande wa rangi juu ndo jua lipige vizuri. Ya shangazi ilikuwa nyuma ya mlango kwa sababu nlichora wanawake watatu wana nyuso, na yeye ni katika wanaoamini malaika hawaingii nyumba yenye sura za watu, alinambia wazi na sikukasirika, kosa langu, miaka yote namjua na nimempa picha ya watu badala ya mlango ama mnazi. Ile ya ofisini wakapaka rangi ukuta, ikashushwa, mara ya mwisho naiona imegeuzwa uso nyuma ya kabati la mafaili.

Moja tu ndo ilipata heshima. Kuna kijana anabeba mawe na mchanga kwa punda, nlimchora punda wake, yeye hasa, na lile sikio lake lilochanika. Ile picha iko mkabala na mlango, huwezi kunywa hata maji pale kabla hujaonyeshwa sikio.

Hapo nikaanza kuelewa kidogo, lakini aliyenifundisha sawasawa ni nahodha mmoja mzee, Mungu amrehemu. Aliniuzia tanga lake kuukuu na mimi nikachora jahazi lake mwenyewe juu ya tanga hilo hilo, na lile jicho lake la omoni kule mbele, na jina lake tezini kule nyuma. Agosti akaja mgeni wa Barcelona kalipenda, akalipa 18,000 bila hata kuvutana, nikafurahi nikanunua nguru mzima nikapeleka nyumbani. Mzee akasikia. Alinikuta Mkunguni mbele za watu akanambia, kwa sauti ya chini kabisa, umeuza jahazi langu na mimi sina habari. Nikajitetea weee, nikasema ami ile ni picha tu, jahazi lako si hilo limefunga gatini. Akaniangalia. Akasema tena foromali, ule mti unaoshika tanga, umeipachika vibaya, kwa foromali ile hufiki hata Manda hapo ng'ambo.

Miaka miwili mbele jahazi likavutwa pwani likafunguliwa mbao, na mwaka wa pili yake mzee akafariki. Mwanawe akaja kwangu usiku, hana maneno mengi, anauliza ile picha ya jahazi ipo? Nilikuwa na picha ya simu tu, imetikisika. Nikachora upya kwa kukumbuka, foromali safari hii nikauliza wanaojua, nikampa bila senti. Amefurahi, ameitundika. Lakini mimi najua kwamba tanga nlilochorea ni la jahazi jengine, na lile lenyewe la babake, viraka alivyoshona kwa mkono wake, viko kwenye sebule ya mtu Hispania asiejua hata jina la tezini linasomekaje.

Kwa hivo jibu langu ni hili, nauza. Wapo wanaosema msanii wa kweli hauzi, wananichekesha, Edward Said Tingatinga aliyefariki 1972 alikuwa akiuza vibao vyake pale Oysterbay Dar es Salaam kwa wapita njia apate kula, na leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Bahari, vichochoro, milango, jahazi lisilo jina, hivo vyote vina bei na bei haishuki ati kwa sababu tumesoma chuo kimoja. Ila kitu chenye mwenyewe, jahazi la fulani, punda wa fulani, nyumba ya fulani, namwita mwenyewe kwanza kabla mgeni hajaiona. Akiitaka ni yake kwa bei anayoweza, hata samaki changu watatu, hata siku moja ya kunivusha kwa mashua mpaka Shela, kijiji cha jirani. Bure kabisa hapana, nishaona tangi la maji mimi. Akisema hataki, basi nauza kwa roho safi.

Na kwa wachoraji wenzangu, uuze ama ugawe, iandike kwenye karatasi. Mimi nlimpa mwenye nyumba moja ya wageni picha akaja akaichapisha kwenye mifuko anauza. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 picha ikitoka mkononi mwako haki ya kuinakili haijatoka mpaka muandikiane, inabaki yako maisha yako yote na miaka 50 ukishakufa. Hilo sikulijua, nlikuwa nadhani nikishatoa nimetoa.

Haya, tuje kwa zile 14. Kumi na tatu zinakwenda Shela kabla ya Disemba, kaskazi ikivuma na wageni wakijaa. Iliyobaki ni daka, yaani kibaraza cha mlangoni, la nyumba ya babu, ile nyumba tuliuza, ndugu walikuwa tisa hawaelewani na paa linaanguka. Alieinunua, mzungu mpole wala sina neno nae, kaskia nimelichora akasema anatoa 40,000. Sasa kwa sharti langu mwenye nyumba ndo anaulizwa kwanza, lakini mwenye nyumba ni nani hapa, mwenye hati ama walozaliwa mle? Binamu zangu wote wanasema uza, na wanataka mgao pia.

Ijumaa ilopita nikaenda kuitoa niipige picha nimtumie kwa WhatsApp, siioni. Kumbe mamangu kaichukua, kaitundika juu ya kitanda chake, msumari kaazima kwa jirani. Sikusema kitu. Kesho yake asubuhi akaniletea mikate ya mofa mitatu imefungwa kwa leso, akasema hayo malipo yako, usije ukasema nimechukua bure.