Umesaini, lakini dai lako la TV iliyopasuka bado lipo

Umeuliza kama kusaini karatasi ya kupokea TV kabla ya kuona kioo kimepasuka kumefuta haki yako ya kudai, na kama umnyime malipo kijana wa bodaboda aliyeileta. Hapana, saini haijafuta haki yako. Kwa mzigo uliokuja kwa ndege kutoka nje, Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya zimeuridhia, unakupa siku 14 tangu kupokea kumlalamikia msafirishaji, na lazima iwe kwa maandishi. Kupiga simu hakutoshi. Shida ya kusaini kimya ni kwamba mzigo unahesabika ulifika mzima mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Nimekaa kaunta ya mizigo, na madai yaliyokwama mengi yalikwama hapo. Kwa hiyo leo hii piga picha za katoni, hasa kona zilizobonyea na utepe wa gundi uliofunguliwa ukabandikwa tena, na usitupe yale maboya ya ndani yanayokinga TV isigongwe. Safari nyingine andika "kona imebonyea" kwenye karatasi kabla ya kusaini.

Fidia ina ukomo unaohesabiwa kwa kilo, si kwa bei ya dukani, isipokuwa mtumaji alitangaza thamani na kulipia ziada kama ilihitajika. Vifurushi vya posta vina taratibu zake, waulize posta wenyewe.

Halafu tafadhali, yule kijana wa bodaboda mlipe hela yake. Alikabidhiwa katoni iliyofungwa, na kioo cha TV kinaweza kupasuka ghalani kwa kulazwa chali na kubebeshwa mizigo mingine, kabla yeye hajaigusa.