Mpira Huacha Alama Yake

Mwanangu,

Salamu kutoka Tabora. Mama yako hajambo, ila goti linamsumbua kwa kuwa mvua zimeanza. Mwembe wa uani umebeba mpaka tumeuwekea nguzo.

Umeniuliza kama dhahabu moja ya Olimpiki inatosha kumweka Djokovic juu ya Federer katika tenisi, maana Federer amestaafu bila kuipata ile ya mchezaji mmoja mmoja. Umesema mmebishana ofisini mpaka chai ikapoa, na mmekubaliana baba yako ndiye aamue. Nimekaa nalo siku tatu swali lenu.

Hesabu unazijua. Beijing 2008 Djokovic alirudi na shaba. London 2012, mikono mitupu. Rio 2016, del Potro wa Argentina akamtoa mechi ya kwanza, akaondoka uwanjani analia. Tokyo, mikono mitupu tena. Mtu ana mataji 24 ya yale mashindano manne makubwa ya tenisi kabatini, bado kila awamu anarudi kutafuta kitu ambacho waandaaji hawakilipii hata senti. Halafu Paris 2024, umri miaka 37, goti limetoka kupasuliwa Juni, anamkuta fainali Alcaraz wa Hispania, kijana wa miaka 21, na kumfunga 7-6, 7-6. Akalia kama mtoto. Na mimi nililia, nikamwambia mama yako ni moshi wa jikoni.

Ila siku ile macho yangu yalikuwa kwenye udongo kuliko kwenye medali. Pale Roland Garros, uwanja wa mechi ile ya Paris, wanachezea udongo mwekundu, na wakibishana juu ya mpira mwamuzi hushuka kitini, akaenda kuinama juu ya alama, akanyoosha kidole. Siku zote nawaambieni: mpira huacha alama yake.

Kiwanja chetu cha klabu nacho kilikuwa cha udongo, udongo wa kichuguu. Ulipondwa, ukamwagiwa maji, ukashindiliwa kwa roli la kusukumwa na watu wanne, ukawa mgumu kama sakafu ya saruji. Mistari ilikuwa ya chokaa. Nilikuwa na miaka kumi na moja, naokota mipira kila jioni kwa sumni. Mkubwa mmoja wa ofisi, mhasibu, ndiye aliyekuwa akitulipa. Mwenzake wa kucheza alikuwa karani wa stesheni, mtu mwembamba, raba zake kazipaka chokaa zionekane nyeupe, na raketi yake uzi mmoja ulikatika akauunga kwa mshipi wa kuvulia samaki. Alikuwa anacheza vizuri, mwanangu! Mpira ukitoka kwake haukuwa na kelele.

Siku ya fainali ya kikombe cha mwisho wa mwaka, seti ya mwisho, karani akapiga mpira mrefu ukaangukia pembeni kabisa, hatua moja kutoka nilipochuchumaa. Vumbi la chokaa likaruka. Nililiona. Mhasibu akapaza sauti, "Nje!" Karani akasimama. Mwamuzi hakuwa na uhakika, akanigeukia: "Mtoto, wewe uko karibu. Ndani au nje?"

Nikasema, "Nje, mzee."

Karani akaja taratibu mpaka kwenye alama. Nusu yake ilikuwa juu ya chokaa, yaani mpira ulikuwa ndani, kila mtu angeiona kama angesogea. Akaitazama, akanitazama mimi, akaifuta kwa ncha ya raba yake, akaenda wavuni kumpa mhasibu mkono. Jioni ile nililipwa shilingi nzima badala ya sumni. Mpaka leo sikumbuki niliinunulia nini, na mimi ni mtu ninayekumbuka bei ya baiskeli yangu ya kwanza.

Miaka ikapita, nikaajiriwa reli, wakanipeleka Kigoma. Nashuka tu kwenye behewa, mzee mmoja mwenye mvi ananisubiri na orodha ya mizigo. Akanitazama kidogo. "Wewe si yule Bwana Nje?" Akacheka, akanipeleka kwake kula migebuka. Basi sasa umejua mama yako akikasirika jina lile hulitoa wapi.

Ndiyo maana Beijing 2008 sikushangilia kama nyinyi. Unakumbuka nusu fainali ya James Blake na Fernando González? Seti ya mwisho, Blake akasema mpira umegusa raketi ya González ukapita nje, kwa hiyo pointi ni yake Blake, na González mwenyewe anajua. Mwamuzi hakuona. González akanyamaza, akashinda 11-9, akaondoka Beijing na medali ya fedha. Blake akaikosa hata shaba. Labda González hakuhisi kitu, mikono husahau katika joto la mchezo. Hapana, mimi ni nani nimhukumu? Lakini nilizima televisheni.

Sasa Federer. Dhahabu anayo, ya wawili wawili, pamoja na Wawrinka, palepale Beijing. Utasema ya wawili si sawa. Kwa nini isiwe sawa? Imeyeyushwa kwa chuma kingine? Haya, si sawa, nakubali, maana London 2012 alifika fainali ya ile yenyewe na Murray wa Uingereza akamfunga 6-2, 6-1, 6-4, wiki nne tu baada ya yeye kumliza Murray palepale kwenye uwanja uleule wa Wimbledon. Hilo lilikuwa deni, likalipwa.

Na kwa nini mnabishana juu ya wanaume tu? Steffi Graf, binti wa Kijerumani, mwaka 1988, miaka 19, alibeba mataji yote manne makubwa na dhahabu ya Seoul juu yake, mwaka uleule. Hakusubiri goti lipasuliwe. Waambie wenzako hilo kabla hamjapasha chai.

Hukumu siitoi. Niliitoa moja nikiwa na miaka kumi na moja, ikanitosha. Ukinibana sana nitasema Dj… hapana, sijasema. Nitaitazama tena ile mechi ya Paris kwanza.

Ijumaa mjomba wako anapanda treni na dumu la asali na kiroba cha maembe. Mpokee stesheni mapema, na kwa hisani yako usimtajie Federer, hatutalala.

Baba yako