Mlimani mna kilo 20, sisi huku tuna nini?

Binamu yangu wa Pasua, Moshi, ni "mgumu", yaani mpagazi, anapandisha mizigo ya watalii Kilimanjaro. Juzi alinitumia sauti ndefu: "Dada, ni kweli huko Uingereza chama cha wafanyakazi kinaweza kusimamisha kazi, bosi akileta ubishi? Na nyie mnaruhusiwa kubeba kilo ngapi?" Nimjibu hapa hapa, maana wengi mnaniuliza hivyo hivyo, na majibu mnayopewa na wanaokuja Desemba yametiwa chumvi nyingi.

Nianze na kilo. Sheria ya huku haitaji kilo. Kanuni za mwaka 1992 za kubeba mizigo kwa mikono zinamtaka mwajiri apime hatari na kuipunguza kadiri inavyowezekana. Kilo 25 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke ni mwongozo tu wa wakaguzi, tena kwa mzigo ulioshikwa karibu na mwili usawa wa kiuno. Wewe mlimani una kikomo kinachojulikana cha kilo 20, na getini kuna mzani. Kwenye karatasi umenizidi.

Nilichonacho mimi, kwenye ghala ninalofanyia kazi, ni mfanyakazi mwenzangu mwenye haki ya kukagua. Tangu Oktoba 1978, chama kinachotambuliwa na mwajiri, yaani ambacho mwajiri anajadiliana nacho, kinateua wawakilishi wa usalama. Mwakilishi anaweza kukagua eneo la kazi kila baada ya miezi mitatu, kuchunguza ajali, kusoma nyaraka za usalama na kwenda mafunzo, na saa zote hizo mshahara wake unaingia. Wawakilishi wawili wakiandika barua ya kudai kamati ya usalama, mwajiri ana miezi mitatu ya kuiunda.

Kwetu foklifti, yale magari ya kunyanyulia mizigo, zilikuwa zinarudi nyuma kwenye njia ile ile tunayopita kwenda kula. Kila mtu aliliona hilo. Msimamizi akiambiwa kwa mdomo anaitikia, mambo yanabaki vilevile. Mwakilishi wetu, mama mmoja Mpolandi, alisubiri siku ya ukaguzi, akapiga picha, akakusanya kutoka kwenye daftari la ajali matukio yote ya watu waliokoswakoswa, akayaweka mezani kwenye kamati mbele ya meneja, na yakaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Vikawekwa vizuizi vya chuma na njia ya miguu ikahamishwa. Hakuna aliyegoma.

Kusimamisha kazi? Hapana. Sweden na Norway mwakilishi wa usalama ana mamlaka hayo kisheria pakiwa na hatari ya papo hapo. Wa Uingereza hana. Ila sheria ya ajira ya 1996 inamlinda mfanyakazi mwenyewe: ukiondoka mahali kwa kuamini, kwa sababu za msingi, kwamba pana hatari kubwa iliyo karibu, mwajiri haruhusiwi kukuadhibu wala kukufukuza. Lakini uko peke yako, mgeni, na viza yako inamtegemea mwajiri huyo huyo, utathubutu? Ndiyo maana nalipa ada ya chama hata mwezi ambao nyumbani mnasubiri hela ya shule.

Linaloniuma zaidi ni vibarua wanaoletwa ghalani na wakala wa ajira, maana ndiko walikojaa wageni, Waafrika wenzetu wakiwemo. Zamu ya kesho inakuja kwa ujumbe wa simu, na aliyelalamika leo huenda simu yake isilie. Maboksi ni yale yale, foklifti ni zile zile. Na chama chenyewe si lazima kiwepo. Coventry, Julai 2024, wafanyakazi wa ghala la Amazon walipiga kura ili chama cha GMB kitambuliwe. Zikapungua kura 28 tu. Pasipo chama kinachotambuliwa, mwajiri anapaswa bado kushauriana na wafanyakazi kuhusu usalama, lakini wawakilishi wao hawana ile haki ya kukagua.

Kwa hiyo msiniambie Mzungu ana huruma. Mwaka 1974, sheria kuu ya usalama kazini ilipopitishwa, waajiriwa 651 walikufa kazini huku Uingereza. Mwaka 2023/24 walikufa wafanyakazi 138. Sehemu ya tofauti hiyo ni migodi na viwanda vizito vilivyofungwa. Lakini sehemu nyingine watu waliidai, kikao kwa kikao.

Sasa wewe, mdogo wangu. Umeniambia mzigo ukishapita getini kuna siku mnaongezewa wa wenzenu walioteremshwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu waajiriwa 20 kuanzisha chama, na inakataza kumfukuza mtu kwa sababu ya uanachama. Ugumu wenu ni kuajiriwa safari moja moja, leo kampuni hii, wiki ijayo ile. Ili chama kitambuliwe na mwajiri, kinahitaji wengi wa wafanyakazi wake, na ninyi hamtulii pamoja. Basi anzeni na daftari. Nunueni mzani wa ndoano, pimeni mizigo kambi ya kwanza, muandike kilo, tarehe, njia na kampuni, na kila mmoja asaini. Mkiwa na kurasa za msimu mzima, zipelekeni kwa viongozi wa wapagazi na kwa KINAPA, wasimamizi wa hifadhi ya mlima, pale Marangu, mbaki na nakala. Hela ya mzani nakutumia Ijumaa.