Presha ya mama na ng'onda wa Tanga

Dada uliyeuliza kama mama aache dawa kwa kuwa presha imeshuka: asiache. Imeshuka kwa sababu anameza. Akiacha itapanda tena, na mara nyingi hupanda bila dalili yoyote. Kama dawa inamvimbisha miguu au kumkohoza, arudi kwa daktari abadilishiwe, asikatishe kimyakimya.

Ugumu wetu sisi wa Tanga uko jikoni. Ng'onda (samaki wa kukaushwa) na papa mkavu wana chumvi nyingi hata ukiwaloweka, na Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Ila msimpikie chungu chake peke yake. Atanuna, kisha atachovya kwenye mchuzi wenu (mama zetu mnawajua). Nyumba nzima ile samaki mbichi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu kwa wingi, na kichupa cha chumvi kiondoke mezani.

Kupima mpeni mjukuu, aandike daftarini. Bibi atulie kwanza dakika 5, mkono usawa wa moyo. Akisema kifua kinabana, au mdomo ukipinda, msisubiri kupima tena: hospitali saa hiyohiyo.