Jibu: Njano kwenye wodi ya wazazi
Ndugu, umeuliza kama wodi ya wazazi ya kliniki yenu hapo Mbale ipakwe njano ili ichangamke. Tafadhali, usipake. Mwanga ukigonga ukuta wa njano hurudi na umanjano wake kwenye ngozi ya kichanga, na nesi anayembonyeza kifuani kutafuta ugonjwa wa manjano anaweza kudanganyika. Buluu nayo hupotosha: midomo huonekana kama ya mtu aliyekosa hewa. Paka nyeupe yenye kijivu kidogo, isiyong'aa. Chini, hadi mita 1.2, rangi ya mafuta inayooshwa. Plasta ikiwa mpya subirini wiki 4, la sivyo rangi hubanduka. Njano ipelekeni mapokezi, inafaa sana huko.